Nyumba ya kushea England: jinsi ya kuthibitisha kwamba matumizi yake ya miaka mingi ni halali

Watu wetu wengi wenye nyumba za kushea England wanaijua leseni ya HMO (nyumba inayokaliwa na watu wasio kaya moja), wanakijua cheti cha gesi, wanaijua kodi ya halmashauri. Swali linalowakuta hawana jibu ni moja, na mara nyingi huulizwa na wakili wa mnunuzi au na benki wakati nyumba iko katikati ya kuuzwa: je, nyumba hii ina uhalali wa mipango miji wa kukaliwa na watu wasio familia moja? Unatoa leseni. Unaambiwa leseni ni kitu kingine. Na ni kweli, ni kitu kingine kabisa. Leseni hutolewa chini ya Sheria ya Makazi ya 2004 na inahusu usalama wa wakaaji na hali ya nyumba. Uhalali wa matumizi unatoka idara ya mipango, na idara hizo mbili, hata zikiwa jengo moja, kila moja ina sheria yake.

Kama umeipangisha nyumba hiyo kwa miaka na hukuwahi kuomba ruhusa, usikimbilie kudhani umevunja sheria. Huenda ulikuwa halali tangu siku ya kwanza, au umekuwa halali kwa kupita kwa muda. Lakini uhalali huo uko kichwani mwako tu mpaka uuthibitishe, na chombo cha kuuthibitishia ni cheti cha uhalali wa matumizi yaliyopo, chini ya kifungu cha 191 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990. Nitakayoeleza hapa ni ya England. Wales na Uskoti wana taratibu zao.

Jua kwanza unaomba nini

Cheti hiki si kibali, wala huombi huruma. Ofisa hapimi kama nyumba inafaa mtaani, kama maegesho yanatosha, kama jirani anakereka na kelele. Majirani wakiandika kulalamikia magari, malalamiko hayo hayana nafasi katika uamuzi. Kinachopimwa ni yaliyotokea: nyumba ilitumiwaje, kuanzia lini, bila kukatika?

Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kipimo chake lakini ni cha kawaida: itoshe kuonekana kwamba unayosema yanaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Si kama kesi ya jinai. Na kuna kanuni moja inayowasaidia sana watu wa kawaida, iliyotokana na kesi ya Gabbitas ya mwaka 1985, nayo imo katika mwongozo wa serikali mpaka leo: kama halmashauri haina ushahidi wa kukupinga, wake wala wa watu wengine, ushahidi wako peke yako unatosha, mradi uwe mahususi na usio na utata. Maneno hayo mawili ndiyo kazi yote iliyo mbele yako. "Nimepangisha tangu zamani" si mahususi. "Chumba cha mbele ghorofani kilikaliwa na mtu mmoja kuanzia tarehe 3 Machi 2014 hadi 28 Agosti 2015" ni mahususi.

Chagua njia yako kabla hujaanza kukusanya karatasi

Njia ni mbili, na watu wengi huhangaika na ngumu kumbe wana haki ya nyepesi.

Nyepesi ni hii. Tangu tarehe 1 Oktoba 2010, nyumba ya familia (daraja la matumizi C3) inaweza kugeuzwa kuwa nyumba ndogo ya kushea ya watu watatu hadi sita (daraja C4) bila kuomba ruhusa. Haki hiyo iko nchi nzima, isipokuwa pale ambapo halmashauri imeiondoa kwa agizo la Kifungu cha 4. Manchester iliiondoa mji mzima kuanzia tarehe 8 Oktoba 2011. Birmingham ilifanya hivyo tarehe 8 Juni 2020, ingawa maeneo ya wanafunzi kama Selly Oak yalikuwa yametangulia. Sasa, kama nyumba yako iko Birmingham nje ya maeneo yale ya mwanzo, na ulianza kupangisha watu watano mwaka 2016, hukuvunja chochote. Huhitaji miaka 10. Unahitaji kuonyesha kwamba siku ile ya tarehe 8 Juni 2020 nyumba ilikuwa tayari C4, na kwamba haijaacha kuwa hivyo. Hakikisha tu kwamba kibali cha awali cha ujenzi hakikuweka sharti la kuondoa haki hiyo. Nyumba za mitaa mipya huwa na masharti ya namna hiyo.

Njia ngumu ni ya miaka 10. Hii ni ya aliyebadilisha matumizi baada ya agizo kuanza, au mwenye nyumba yenye wakaaji saba na zaidi, ambayo haimo katika C4 na haikuwahi kunufaika na ile haki ya bure. Ukithibitisha miaka 10 mfululizo ya matumizi hayohayo, halmashauri haiwezi tena kuchukua hatua, na matumizi yanakuwa halali.

Utasikia watu wakisema "miaka minne". Achana nayo. Ile ilikuwa kwa ujenzi na kwa kugeuza jengo kuwa makazi ya kaya moja, na ilifutwa England tarehe 25 Aprili 2024, isipokuwa kwa mambo yaliyokuwa yamekamilika kabla ya siku hiyo. Usijenge hoja ya nyumba ya kushea juu yake.

Kwa njia zote mbili, angalia pia kama nyumba imewahi kupewa ilani ya utekelezaji, yaani amri rasmi ya halmashauri ya kuacha matumizi fulani. Kila halmashauri ina daftari la ilani hizo, na liko wazi kwa umma. Matumizi yanayokiuka ilani ambayo bado iko hai hayawi halali hata yapite miaka 30.

Neno "ndugu" linaweza kukuangusha

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili linatuhusu sisi kuliko wengine.

HMO ni nyumba ya watu wasio kaya moja. Sheria ya Makazi ya 2004 inasema familia inajumuisha wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, kaka na dada, wajomba, shangazi, wapwa na mabinamu. Sasa fikiria tunavyozungumza. Kijana aliyetoka mtaa mmoja na wewe Tanga ni ndugu yako. Rafiki wa kaka yako ni kaka. Mama aliyekupokea kanisani au msikitini ni shangazi. Ukiandika maelezo yako ukasema "mwaka 2013 nilimpa chumba binamu yangu na ndugu zake wawili", ofisa anasoma kwamba nyumba ilikaliwa na familia moja. Umejipunguzia muda wako kwa neno la heshima.

Kwa hiyo katika kila karatasi utakayoandika, taja uhusiano wa damu au wa ndoa ulivyo kweli. Kama hakuna, sema hakuna: "Hatuna undugu wa damu wala wa ndoa, tulifahamiana kazini." Na kama kweli alikuwa binamu, sema hivyo hivyo, kisha uone kama waliobaki bado walikuwa watatu na zaidi wasio kaya moja.

Jambo la pili linalofanana na hilo: wengi walianza kwa kuishi wenyewe ndani na kupangisha chumba kimoja au viwili. Mwenye nyumba anayeishi humo na wapangaji wasiozidi wawili hahesabiki kuwa na HMO. Saa yako haikuanza siku ulipopokea mpangaji wa kwanza. Ilianza ulipohama ukawaacha watatu na zaidi, au ulipoongeza wa tatu huku ukiwa bado ndani.

Chora jedwali la miezi 120

Kabla ya wakili, kabla ya fomu, chukua karatasi kubwa au fungua jedwali kwenye kompyuta. Kushoto, shusha miezi yote 120 ya miaka 10. Kama uko kwenye njia nyepesi, anza miezi kama sita kabla ya siku ya agizo na uende hadi leo. Juu, weka safu kwa kila chumba. Katika kila kisanduku andika nani alikaa, na pembeni karatasi gani inaonyesha hivyo.

Tuchukue mfano wa daftari la kodi, maana wengi wetu tulipokea taslimu. Ukurasa unaweza kusomeka: "Chumba cha nyuma juu – 12/3 – pauni 280 – kalipa." Peke yake, mstari huo ni dhaifu; unaweza kuandikwa jana usiku. Lakini uweke kando ya taarifa ya benki inayoonyesha pauni 280 zimeingizwa kaunta tarehe 13 Machi, na ujumbe wa simu wa mpangaji wa tarehe 11 akisema "kesho nakuletea". Sasa karatasi tatu dhaifu zimeshikana mikono. Lengo lako ni kila kisanduku kiwe na angalau vitu viwili vilivyotoka kwa watu wawili tofauti. Visanduku vitupu vitajitokeza vyenyewe, na ni heri uvione wewe wiki sita kabla ya ofisa kuviona.

Mahali pa kuchimba

Mikataba ya kupangisha ndiyo ya kwanza, na iliyo bora ni ya chumba kimoja kimoja au yenye majina yote ya wakaaji. Baada yake, naweka juu sana vyeti vya dipoziti. Tangu tarehe 6 Aprili 2007 dipoziti za upangaji wa kawaida lazima zihifadhiwe katika mpango ulioidhinishwa, na cheti chake kina jina, anwani, tarehe na kiasi, kimetoka kwa mtu wa tatu asiye na sababu ya kukupendelea. Ingia kwenye akaunti yako ya zamani, upakue vyote.

Benki usicheleweshe. Nyingi hazirudi nyuma zaidi ya miaka sita au saba, na kila mwezi unaopita unapoteza mwezi wa ushahidi. Dalali aliyekusimamizia nyumba anaweza kuwa na taarifa za kila mwezi. Ana wajibu wa kukupa taarifa zako binafsi ukiziomba kwa maandishi, kwa kawaida bila malipo na ndani ya mwezi mmoja. Ombi hilohilo lipeleke halmashauri: kumbukumbu za kodi ya halmashauri, za leseni, za ukaguzi wa afya ya mazingira. Hata barua ya miaka ile ya kukulalamikia mapipa ya taka yaliyofurika inaweza kuwa lulu, kwa sababu ni halmashauri yenyewe iliyoandika kwamba nyumba ilikuwa na wapangaji.

Kisha vyeti vya gesi vya kila mwaka (fundi huandika jina la mwenye nyumba na anwani ya nyumba), bima ya nyumba ya kupangisha, matangazo ya vyumba, risiti za kufuli na vitanda, na picha zenye tarehe zinazoonyesha kufuli kwenye milango ya vyumba. Leseni nayo weka, ila usiitegemee: inaonyesha idadi iliyoruhusiwa, si watu waliolala humo.

Majina na taarifa za wapangaji ni mali yao. Nakala itakayowekwa wazi kwenye tovuti ya halmashauri izibwe namba za akaunti, simu na tarehe za kuzaliwa. Wapangaji walikuamini, usiwaanike ili wewe upate cheti.

Karatasi zinazokupinga

Ofisa atafungua kumbukumbu za ofisi yake kabla ya zako. Je, uliwahi kuchukua punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri kwa mtu anayeishi peke yake, miaka ileile unayosema nyumba ilikuwa na watu watano? Je, orodha ya wapiga kura ina majina ya familia moja tu? Je, uliwahi kuomba kibali cha kuongeza jiko ukaandika kwenye fomu "nyumba ya familia"? Haya ndiyo yanayoangusha maombi, kuliko upungufu wa mikataba. Orodha ya wapiga kura inaelezeka, kwa kuwa wageni wengi hawana haki ya kupiga kura na hawakujiandikisha. Punguzo ni gumu. Kama ulilichukua isivyo haki, lirekebishe kwanza na idara ya kodi.

Kodi ya mapato vilevile. Ukipeleka miaka 10 ya risiti za pango ambazo hukuwahi kuzitangaza, unathibitisha mambo mawili kwa mpigo. Mamlaka ya kodi, HMRC, ina utaratibu maalumu wa wenye nyumba kujitokeza wenyewe na kulipa walichobakiza. Pitia huko kwanza, ukiwa na mhasibu.

Na usijaribu kuficha. Katika kesi ya Welwyn Hatfield, mtu alipata kibali cha kujenga ghala la nyasi, akajenga nyumba kamili ndani ya umbo la ghala, akakaa humo miaka minne, kisha akaomba cheti. Mahakama ya Juu ya nchi (Supreme Court) ilimkatalia mwaka 2011: aliyedanganya makusudi hawezi kunufaika na muda uliopita kwa sababu ya udanganyifu wake. Kutoa maelezo ya uongo kwenye ombi la cheti ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili, na cheti kilichopatikana hivyo kinaweza kufutwa.

Matamko ya kisheria

Barua ya kawaida ya mpangaji wa zamani ina uzito mdogo. Tamko la kisheria, lililosainiwa mbele ya wakili chini ya sheria ya mwaka 1835, lina uzito kwa sababu anayedanganya humo anaweza kushtakiwa. Malipo yaliyowekwa ni pauni 5 kwa tamko na pauni 2 kwa kila kiambatisho, hivyo funga karatasi zako kuwa kiambatisho kimoja chenye kurasa zilizopigwa namba.

Andaa lako, kisha mtafute mpangaji mmoja wa miaka ya mwanzo, mmoja wa katikati, mmoja wa sasa. Jirani pia, au fundi wa gesi aliyekuja kila mwaka. Kila mmoja aseme aliyoyaona mwenyewe: aliingia lini, chumba kipi, walikuwa wangapi, nani alitumia jiko, alitoka lini. Usiwaandikie maneno yaleyale. Matamko matano yenye sentensi moja yananuka. Mpangaji asiyesoma Kiingereza vizuri aandike kwa Kiswahili, na tafsiri iambatanishwe pamoja na saini ya mfasiri.

Mapengo

Hakuna nyumba ya kushea isiyowahi kuwa na chumba kitupu. Swali ambalo mahakama imelikazia ni kama wakati wowote ndani ya miaka 10 halmashauri ingefika, ingekuta matumizi hayo yakiendelea. Wiki tatu kati ya wapangaji, huku tangazo liko hewani na vitanda viko mahali pake, kwa kawaida hazikati mfululizo. Miezi minane ya ukarabati mkubwa ina hatari. Mwaka mmoja wa kuipangisha kwa baba, mama na watoto unakata: nyumba imerudi kuwa C3, na kwenye eneo la agizo huwezi kuigeuza tena bila ruhusa. Miezi ambayo walibaki wapangaji wawili tu ieleze kwa uwazi, na onyesha juhudi za kumtafuta wa tatu. Kipindi cha korona nacho kina mapengo mengi, wanafunzi wakirudi kwao; mikataba iliyoendelea kulipiwa ndiyo maelezo yako.

Kama jedwali linaonyesha miaka minane na nusu, usiinyooshe. Ombi lililokataliwa limeshawajulisha kwamba kuna ukiukaji. Zungumza na mtaalamu wa mipango kuhusu kuomba ruhusa ya kawaida.

Kupeleka, na kusubiri

Ombi hupelekwa kwa tovuti ya Planning Portal. Weka ramani ya eneo kwa kipimo cha 1:1250 yenye mstari mwekundu kuzunguka kiwanja, mchoro wa vyumba, jedwali lako, matamko na viambatisho. Ada ni sawa na ya ombi kamili la kubadilisha matumizi: ilipopandishwa Desemba 2023 ilikuwa pauni 578, na sasa hupanda kila Aprili, hivyo angalia ya siku hiyo. Kwenye sehemu ya maelezo andika matumizi kwa usahihi, "nyumba ndogo ya kushea, daraja C4" au "nyumba ya kushea ya watu saba". Andika pia barua ya kurasa mbili au tatu inayomshika ofisa mkono kupitia jedwali, pamoja na mapengo. Pengo ulilolitaja mwenyewe halikuumizi kama lile alilolivumbua yeye.

Halmashauri ina wiki nane. Akikupigia ofisa kutaka kuja kuona nyumba, mkaribishe. Akisema ushahidi wa mwaka fulani ni mwembamba, uliza kama unaweza kuongeza kabla hajaamua. Ukikataliwa, kuna rufaa kwa Planning Inspectorate (wakaguzi wa mipango wa serikali), na kwa kesi hizi kwa kawaida haina siku ya mwisho. Unaweza pia kuomba upya ukiwa na ushahidi mpya, maana kukataliwa hakumaanishi matumizi si halali, kunamaanisha hukuyathibitisha siku ile.

Cheti kikija, soma maelezo yake neno kwa neno kabla ya kukifungia kabatini. Cheti cha C4 kinaishia kwa watu sita. Mtu wa saba hayumo, hata akiwa mtulivu na analipa kwa wakati.